Wasomaji Wanauliza: Seva ya akiba na mnyororo wa logi

Barua za safari hii karibu zote zinahusu PostgreSQL, programu ya hifadhidata, na nyingi zinauliza jambo lile lile kwa sura tofauti: seva ya pili ipo, lakini siku ya kuhitajika itashika usukani kweli? Tumezipanga ili anayeanza asipotee. Amri ni za toleo la 16, na pale matoleo mengine yanapotofautiana tumesema. Seva kuu tumeipa anwani 10.0.0.11, ya akiba 10.0.0.12.

Habari za kazi, wataalamu. Kila usiku tunachukua pg_dump ya seva kuu na kuipakia kwenye seva ya pili. Bosi anaiita seva ya akiba. Sasa tunataka ifuate na mabadiliko ya mchana kwa kutumia logi. Tunaunganishaje?

Kwa hapo mlipo haiunganiki, na sababu yake ina faida kuliko amri zenyewe. pg_dump hutoa maelezo: tengeneza jedwali hili, ingiza rekodi hizi. Seva ya pili ikiyasoma hujenga mafaili yake yenyewe kwa mpangilio wake. WAL, yaani ile logi ambamo PostgreSQL huandika kila badiliko kabla ya kugusa mafaili ya data, haizungumzi lugha hiyo. Haisemi "badilisha salio la mteja". Inasema "kwenye faili 16391, ukurasa wa 412, weka baiti hizi hapa". Seva iliyojengwa kwa pg_dump haina ukurasa huo wenye yaliyomo yale yale, basi logi haina pa kushika.

Kwa hiyo seva ya akiba huanza na nakala ya mafaili yenyewe, nakala ya msingi, kisha hutekeleza logi kuanzia pale nakala ilipoanza kuchukuliwa. Nakala hiyo huchukuliwa huku seva ikiendelea kuandika, hivyo kurasa zake ni za nyakati tofauti, na logi ndiyo inayozileta zote kwenye wakati mmoja. Nakala ya msingi isiyo na logi yake ni rundo la mafaili tu.

Kwenye seva kuu hakikisheni wal_level ni replica (ndivyo inavyokuja tangu toleo la 10), kisha mtengeneze mtumiaji wa urudufishaji:

    CREATE ROLE rudufu WITH REPLICATION LOGIN PASSWORD '...';

Ongezeni mstari huu kwenye pg_hba.conf na mpakie upya mipangilio kwa SELECT pg_reload_conf():

    host replication rudufu 10.0.0.12/32 scram-sha-256

Kwenye seva ya akiba zimeni PostgreSQL, saraka ya data iwe tupu, halafu kama mtumiaji postgres:

    pg_basebackup -h 10.0.0.11 -U rudufu -D /var/lib/postgresql/16/main -X stream -c fast -C -S akiba1 -R -P

Herufi hizo si mapambo. -X stream huchukua logi sambamba na nakala, ili nakala isikamilike huku logi yake imeshafutwa. -c fast hulazimisha chekipointi papo hapo, yaani seva isukume mabadiliko yaliyo kwenye kumbukumbu hadi kwenye mafaili ya data. Bila hiyo amri inaweza kukaa dakika kadhaa bila kunakili chochote, na wengi huikatiza wakidhani imekwama. -C na -S hutengeneza sloti, alama inayoiambia kuu isifute logi ambayo akiba haijaipokea, tutaizungumzia chini. -R huandika standby.signal pamoja na maelezo ya kuunganisha ndani ya postgresql.auto.conf. Mkikuta mwongozo unaotaja recovery.conf, huo ni wa kabla ya toleo la 12. Siku hizi faili hilo likionekana kwenye saraka ya data, seva hukataa kuwaka.

Mtego mmoja kwa wa Debian na Ubuntu: postgresql.conf hukaa /etc/postgresql, nje ya saraka ya data, hivyo pg_basebackup haiigusi. Seva ya akiba itawaka na max_connections ya kawaida, 100, wakati kuu ina 300, na itagoma. Thamani za max_connections, max_worker_processes, max_wal_senders, max_prepared_transactions na max_locks_per_transaction kwenye akiba zisipungue zile za kuu. Mkizipandisha anzeni na akiba, mkizishusha anzeni na kuu.

Washeni, kisha kwenye akiba ulizeni SELECT pg_is_in_recovery(). Jibu likiwa t, inafuata. pg_dump msiiache, maana huwezi kupeleka mafaili ya toleo moja kuu kwenye toleo jingine, ila dump inakwenda. Msiiite tu seva ya akiba.

Seva yetu ya akiba ilizimwa Ijumaa jioni kwa matengenezo. Jumatatu haikuweza kuendelea, faili lake la ujumbe limejaa maneno "requested WAL segment 0000000100000012000000A7 has already been removed". Kila sehemu tunaambiwa tuchukue nakala ya msingi upya, nayo ni GB 900. Hakuna njia nyingine?

Ipo, ila ilipaswa kuandaliwa kabla ya Ijumaa. Seva kuu haiweki WAL milele. Baada ya chekipointi, vipande ambavyo yenyewe haivihitaji tena hufutwa au hupewa majina mapya na kutumika tena. wal_keep_size huja ikiwa 0, na ninyi bila shaka hamkuwa na sloti. Kipande A7 kimekwenda, na kikikosekana kipande kimoja, vyote vinavyofuata havisaidii. Logi hairuki.

Jina la kipande lenyewe linasomeka. Lina herufi 24: nane za kwanza ni namba ya tawi la historia (hapa la 1), nane za kati na nane za mwisho ni nafasi kwenye mfululizo. Kila kipande kina MB 16 kwa kawaida, na cha mwisho kinapofika 000000FF, cha kati kinapanda moja, yaani kila vipande 256 au GB 4. Ukilinganisha kipande akiba inachoomba na ambacho kuu inaandika sasa, utajua mmekosa GB ngapi.

Dawa ni ghala la logi: mahali pa tatu, si kwenye diski ya seva kuu, ambapo kila kipande kilichojaa hunakiliwa. Akiba ikikosa kipande kwa kutiririshiwa moja kwa moja na kuu, hukifuata ghalani kwa restore_command. Ghala lingekuwepo, seva yenu ingesoma vipande vya siku tatu kutoka huko, ikimaliza ingerudi kutiririshiwa bila mtu kugusa kitu.

Kinachoharibu ghala nyingi ni archive_command iliyoandikwa kwa haraka. Mkataba wake ni mmoja: irudishe sifuri pale tu kipande kimefika salama. Ikirudisha sifuri, seva kuu inajiona huru kukifuta. cp ya kawaida hurudisha sifuri wakati data bado iko kwenye kumbukumbu ya mashine ya ghala. Umeme ukikatika hapo, unabaki na faili tupu lenye jina sahihi. scp inayoandika moja kwa moja kwenye jina la mwisho ni mbaya zaidi: mtandao ukikatika katikati linabaki faili la MB 9. Seva ya akiba ikilikuta haipigi kelele. Hudhani faili bado linaandikwa, ikalisubiri. Kwa nje unaona seva hai, iliyotulia, inayochelewa dakika moja kila dakika.

Kwa ghala lililounganishwa kama saraka, skripti hii fupi inatosha:

    #!/bin/sh
    set -e
    LENGO="/hifadhi/wal/$2"
    if [ -f "$LENGO" ]; then
      cmp -s "$1" "$LENGO" && exit 0
      exit 1
    fi
    cp "$1" "$LENGO.sehemu"
    sync "$LENGO.sehemu"
    mv "$LENGO.sehemu" "$LENGO"
    sync /hifadhi/wal

Na kwenye mipangilio:

    archive_mode = on
    archive_command = '/usr/local/bin/tunza-wal.sh "%p" "%f"'
    archive_timeout = 60

Faili huandikwa kwa jina la muda, husukumwa hadi diskini, ndipo hupewa jina lake. Likiwa tayari lipo na ni lile lile, skripti inasema sawa, kwa sababu seva iliyoanguka inaweza kutuma kipande kile kile mara ya pili. Likiwepo na ni tofauti, inakataa, na hapo kuna jambo la kuchunguza: mara nyingi seva mbili zimeelekezwa kwenye ghala moja. archive_mode inahitaji kuwasha upya seva. Hizo nyingine mbili, kupakia upya mipangilio kunatosha.

archive_timeout ya sekunde 60 maana yake kipande kinapelekwa hata kama hakijajaa, ili msipoteze zaidi ya dakika moja hivi ghala likibaki peke yake. Lakini kipande kisichojaa bado ni MB 16. Seva yenye shughuli ndogo kila dakika itazalisha vipande 1,440 kwa siku, kama GB 22.5. Vigandamizeni kabla ya kuhifadhi. Sehemu isiyotumika hujazwa sifuri, hivyo vinanywea sana.

Na kila siku mtazame pg_stat_archiver. failed_count ikipanda na last_archived_time imesimama, ghala halipokei, na vipande vinarundikana ndani ya pg_wal. Seva haitavifuta hata diski ijae. Kama skripti za mkono zinawatisha, Barman, pgBackRest na WAL-G hufanya kazi hii na nyingine nyingi. Tunawashauri mhamie huko kabla ghala halijawa kubwa.

Shikamooni. Niliweka sloti kama mlivyoelekeza toleo lililopita. Seva ya akiba ikafa, nikasahau. Wiki iliyofuata seva kuu ikasimama, diski imejaa, pg_wal ina GB 400. Nifute yale mafaili?

Marahaba, na usifute hata moja. Ukifuta kipande ambacho seva kuu inakihitaji ili iinuke, umegeuza kero kuwa msiba. Sloti imefanya kile ulichoiambia: usitupe logi mpaka akiba iipokee. Akiba haikupokea.

Kwanza tafuta nafasi. Ongeza ukubwa wa diski kama ni ya mtandaoni, au huku seva imezimwa hamisha saraka nzima ya pg_wal kwenda diski kubwa na uache kiungo cha ishara mahali pake, mmiliki akibaki postgres. Washa, kisha:

    SELECT slot_name, active, wal_status,
           pg_size_pretty(pg_wal_lsn_diff(pg_current_wal_lsn(), restart_lsn))
    FROM pg_replication_slots;

Yenye active = f na GB nyingi ndiyo mkosaji. Iondoe kwa SELECT pg_drop_replication_slot('akiba1'). Kisha toa amri ya CHECKPOINT, uone pg_wal ikipungua. Isipopungua, angalia pg_stat_archiver: huenda na ghala nalo linagoma.

Kisha weka kikomo. Tangu toleo la 13 kuna max_slot_wal_keep_size, nayo huja ikiwa -1, maana yake bila kikomo. Pima kwanza seva yako inaandika logi kiasi gani: chukua pg_current_wal_lsn(), yaani nafasi ambapo logi imefika, saa ya shughuli nyingi, ichukue tena baada ya saa moja, tafuta tofauti kwa pg_wal_lsn_diff. Ikiwa GB 5 kwa saa na unataka kuvumilia akiba kupotea saa nane, weka '40GB', mradi diski ina nafasi hiyo na ziada. Kikomo kikivukwa wal_status inageuka lost na akiba inabaki nyuma, lakini seva kuu inaendelea kuhudumia watu. Ukiwa na ghala, akiba itajisomea huko. Kwetu hayo mawili huenda pamoja: sloti yenye kikomo, na ghala nyuma yake.

Mafundi wengine huweka pia tofali kwenye diski ya WAL, faili lisilo na kazi la GB 2, ili siku diski ikijaa walifute na kupata pumzi. Ni ujanja wa kienyeji lakini unaokoa nusu saa ya jasho.

Kipimo chetu cha ucheleweshaji hulia kila usiku saa tisa: akiba imechelewa saa mbili! Tukiangalia, data ni sawa. Asubuhi kinanyamaza chenyewe.

Mnapima now() - pg_last_xact_replay_timestamp(). Hiyo ni umri wa muamala wa mwisho uliotekelezwa. Usiku hakuna anayeandika, muamala wa mwisho unazeeka, kipimo kinalia.

Dawa inayozungushwa sana ni kusema ucheleweshaji ni sifuri iwapo pg_last_wal_receive_lsn(), nafasi ya logi iliyopokelewa, ni sawa na pg_last_wal_replay_lsn(), nafasi ya iliyotekelezwa. Tunawaonya: mtandao ukikatika, akiba haipokei kitu, imetekeleza vyote ilivyonavyo, hizo mbili ni sawa, na kipimo kinaonyesha sifuri siku nzima huku kuu iko mbali. Hicho ni kipimo kinachodanganya wakati ule ule unapokihitaji.

Pimeni kutoka seva kuu, kwenye pg_stat_replication: tofauti ya pg_current_wal_lsn() na replay_lsn kwa baiti, na kengele ilie pia pale mstari wa akiba unapokosekana kabisa. Kwa anayetaka muda badala ya baiti, jedwali la mapigo ni rahisi: kuu inaandika saa ya sasa kwenye rekodi moja kila dakika, akiba inasoma rekodi hiyo na kutoa tofauti. Usiku au mchana, haizidi dakika moja na ushee.

Kama flush_lsn (logi iliyofika diskini kwa akiba) iko karibu lakini replay_lsn (iliyotekelezwa) iko mbali, mtandao hauna kosa. Logi imefika lakini utekelezaji unachelewa, nao hufanywa na mchakato mmoja tu, hata kama kuu ina viini 32 vinavyoandika. Angalieni diski ya akiba, na kama kuna ripoti ndefu inayouzuia. Hilo linatupeleka kwenye barua fupi inayofuata.

Ripoti zangu kwenye seva ya akiba hukatizwa na "canceling statement due to conflict with recovery".

Logi imeleta usafishaji wa rekodi ambazo ripoti yako bado inazisoma. Akiba husubiri sekunde 30 (max_standby_streaming_delay), kisha hukatiza ripoti. Ongeza muda, akiba itachelewa. Washa hot_standby_feedback, kuu itaacha kusafisha rekodi hizo na majedwali yatavimba. Kama seva hii ndiyo itakayoshika usukani kuu ikianguka, iache ikatize, na ripoti zitafutiwe seva ya tatu.

Kijana wetu wa zamu alitoa DELETE bila WHERE. Seva ya akiba nayo ikafuta, sekunde hiyo hiyo. Sasa faida yake nini?

Faida yake ni mashine kufa. Kosa la mkono ni badiliko kama mabadiliko mengine, na logi hulibeba kwa uaminifu. Kinachookoa hapo ni kuweza kusimamisha utekelezaji kabla ya kosa. Njia ni mbili.

Ya kwanza ni akiba ya pili inayochelewa kwa makusudi. Kwenye mipangilio yake weka recovery_min_apply_delay = '6h'. Logi inaipokea mara moja, ila miamala inathibitishwa saa sita baadaye. Diski yake iwe na nafasi ya logi ya saa hizo sita, na saa za mashine zote mbili ziende sawa, kwa sababu muda unahesabiwa kwa kulinganisha saa ya kuu na ya akiba. Usiiingize kwenye orodha ya synchronous_standby_names huku synchronous_commit ni remote_apply, la sivyo kila mteja atasubiri saa sita kuthibitishiwa.

Kosa likitokea, jambo la kwanza kwenye akiba hiyo ni SELECT pg_wal_replay_pause(); halafu ndipo mlaumiane. Kisha tafuteni wakati wenyewe. Kumbukumbu ya mtu haitoshi, ulizeni logi:

    pg_waldump --rmgr=Transaction 0000000100000012000000B3 | grep COMMIT

Kila mstari unaonyesha wakati wa kuthibitishwa. Chagueni wakati kidogo kabla ya ule wa kosa, mwandike recovery_target_time = '2025-03-11 14:09:30+03', rudisheni recovery_min_apply_delay kuwa 0, muwashe upya. Akiba itasonga hadi hapo na kusimama, kwa kuwa recovery_target_action huja ikiwa pause. Chukueni jedwali hilo kwa pg_dump -t na mlirudishe kuu. Kijana akikwambia ilikuwa saa nane na dakika kumi, mwandikie 14:10, na usisahau kuandika tofauti ya ukanda wa saa mwishoni. Tumeshaona mtu akiandika 08:10 na kujiuliza kwa nini mauzo ya asubuhi nzima hayapo.

Njia ya pili ni pale msipo na akiba inayochelewa: nakala ya msingi iliyokamilika kabla ya kosa, irejesheni kwenye mashine nyingine kabisa, wekeni faili tupu recovery.signal, restore_command = 'cp /hifadhi/wal/%f "%p"' na wakati ule ule. Logi zikiisha kabla ya kufika wakati mliotaja, toleo la 13 na kuendelea hugoma wazi. Ya nyuma yalifungua hifadhidata kimya kimya, kana kwamba lengo limefikiwa.

Nilirejesha nakala, seva haikuwaka, ikasema "If you are not restoring from a backup, try removing the file backup_label". Niliondoa, ikawaka. Ni sawa?

Si sawa. Soma sentensi tena: kama *hurejeshi* nakala. Wewe unarejesha. Faili hilo husema utekelezaji wa logi uanzie wapi. Bila hilo seva huanza kwenye chekipointi iliyokutwa ndani ya faili la pg_control, ambayo yaweza kuwa ya baadaye, na kurasa zilizonakiliwa mapema zinabaki bila kulinganishwa. Inawaka, inahudumia, na imeharibika. Itupe, rejesha upya, na weka recovery.signal na restore_command, maana kilichokosekana ni kipande cha logi.

Tumefanya zoezi: tumezima kuu, tumepandisha akiba. Vizuri. Tulipowasha ile ya zamani iungane kama akiba, ikakataa. Na je, kama ingewaka yenyewe katikati?

Tuanze na la pili kwa sababu ndilo baya. Seva mbili zikikubali maandishi kwa wakati mmoja, hakuna amri ya kuziunganisha. Utakaa na wahasibu mkilinganisha rekodi kwa macho. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya zoezi ni kuhakikisha ya zamani haiwezi kuandikiwa: zima huduma na uizuie isiwake yenyewe mashine ikiinuka, au ikate mtandao. Ukishindwa kuthibitisha imekufa, usipandishe.

Kisha SELECT pg_promote(). Na uhakikishe pg_is_in_recovery() inarudisha f. Hapo tawi jipya la historia limezaliwa: vipande vinaanza na 00000002, na ghalani litaonekana faili 00000002.history. Lisipoonekana, archive_command ya seva mpya haifanyi kazi, na uko bila ghala. Sloti za zamani hazikuja nayo, zitengeneze upya.

Seva ya zamani ilikataa kwa sababu ilikuwa imeandika kidogo kwenye tawi la 1 kupita pale matawi yalipoachana. pg_rewind huirudisha hadi hapo:

    pg_rewind --target-pgdata=/var/lib/postgresql/16/main --source-server='host=10.0.0.12 user=postgres dbname=postgres' -R -P --dry-run

Ikikubali, rudia bila --dry-run. Lakini inafanya kazi tu ikiwa wal_log_hints = on, au hifadhidata iliundwa ikiwa na checksum za kurasa, yaani namba za kukagua uzima wa kila ukurasa. Hilo huwezi kuliongeza baada ya ajali ukategemea lifae kwa ajali hiyo hiyo. Na inafuta ile miamala michache iliyobaki upande wa zamani. Kama ni ya malipo, itoeni kwanza.

Akiba tuliihamishia mfumo mpya wa Linux, kuu bado iko kwenye ule wa zamani. PostgreSQL ni toleo moja. Baada ya kuipandisha, utafutaji kwa jina hauwapati wateja ambao wapo.

Ni glibc, maktaba ya msingi ya Linux ambayo PostgreSQL huitegemea kwa mpangilio wa herufi. Toleo lake la 2.28 la mwaka 2018 lilibadilisha mpangilio wa herufi kwa lugha nyingi. Faharasa za maandishi zimepangwa kwa sheria za mfumo wa zamani, na seva mpya inazitafuta kwa sheria mpya, hivyo inageukia tawi lisilo lake. Data ipo, njia ndiyo iliyopotoka. Kwa kuwa sasa imepandishwa, toeni REINDEX kwa faharasa zote za maandishi leo hii, na mkague faharasa zenye sharti la upekee kwa majina yaliyoingia mara mbili. Ingekuwa bado ni akiba isingewezekana, kwani haiandikwi, ila bt_index_check ya amcheck, kiendelezi cha kukagua faharasa, hukubali kuendeshwa huko na huonyesha tatizo mapema.

Tujaribu kurejesha mara ngapi?

Mara moja kwa mwezi, na kila mnapobadilisha toleo, diski au ghala. Januari 2017 kampuni ya GitLab walifuta kwa bahati mbaya saraka ya data ya seva yao kuu, mhandisi akidhani yuko kwenye ya akiba. Ndipo ikagundulika pg_dump ya kila siku ilikuwa ya toleo la 9.2 wakati hifadhidata ni 9.6, hivyo ilikuwa inashindwa, na barua pepe za onyo hazikuwa zikifika. Waliokolewa na nakala ya diski ya saa sita nyuma, iliyochukuliwa kwa shughuli nyingine.

Zoezi lenyewe: mashine tupu, nakala ya msingi ya karibuni, pg_verifybackup juu yake kabla ya kuiwasha, kisha logi kutoka ghalani hadi wakati mliouchagua. Endesheni pg_dump ya hifadhidata nzima kwenda /dev/null ili kila jedwali lisomwe, na pg_amcheck kwa faharasa. Hesabuni muda. GB 800 kwa MB 100 kwa sekunde ni saa mbili na dakika 13 za kunakili tu, kabla ya logi hata moja kutekelezwa. Mkiwa na nakala ya msingi ya kila Jumapili na kosa likaja Jumamosi, kuna logi ya siku sita ya kupitisha na mchakato ni mmoja. Mkiona muda huo umezidi mlichomwahidi bosi, chukueni nakala ya msingi mara mbili kwa wiki, na mpime tena mwezi ujao kwa nakala ya siku ya mwisho kabla ya mpya.